Nyama ya bucha au ya supamaketi? Maswali ya wanunuzi wa Tanga

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wa Tanga wanapozungumzia kitoweo, iwe kwenye foleni ya bucha Ngamiani, sokoni Mgandini au nyumbani Ramadhani ikikaribia. Yameanza ya msingi, ya nadra yako mwisho. Jambo likishaelezwa mahali pengine, utapewa namba ya swali ukasome huko.

## Mambo ya msingi

1. Nyama ya bucha na ya supamaketi, ipi salama zaidi?

Jina la duka halikuambii kitu. Nyama ya bucha inalindwa na saa: ng'ombe kachinjwa usiku au alfajiri, kakaguliwa, nyama imefika buchani jua halijapanda, na kufika adhuhuri imeshakwisha. Nyama ya supamaketi inalindwa na baridi: ile isiyogandishwa haitakiwi kuzidi nyuzi 4 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye kapu lako, na iliyogandishwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Ya kuogopwa ni ile iliyokosa vyote viwili. Paja lililoning'inia buchani tangu alfajiri na sasa ni saa kumi jioni ni la kundi hilo. Pakiti iliyoyeyuka umeme ulipokatika, kisha ikaganda tena umeme uliporudi, nayo ni ya kundi hilo hilo, hata kama duka lina vigae na kiyoyozi. Kwa hiyo popote unaponunua, maswali ni mawili tu: mnyama kachinjwa lini, na nyama imekaa wapi tangu hapo?

2. Nyama ya buchani inatoka wapi hasa?

Wafugaji wakubwa wa ng'ombe wa asili mkoani kwetu wako Handeni na Kilindi, na huko ndiko kwenye minada. Ng'ombe hununuliwa mnadani, hupakiwa kwenye lori kwa kibali cha kusafirisha mifugo, hufikishwa machinjioni, na baada ya kuchinjwa mkaguzi hupita kabla nyama haijatoka.

Kuna na kundi la pili ambalo wengi hawalifikirii. Tanga ni mkoa wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa akizeeka au akigoma kushika mimba, mwisho wake ni machinjioni. Nyama yake huwa na mafuta ya njano. Hayo mafuta si ugonjwa: rangi inatokana na majani aliyokula miaka yote, na ng'ombe wenye damu ya Jersey wanayo zaidi. Ila mafuta ya njano kwenye nyama iliyokomaa ni ishara kwamba utaitaka sufuria na muda, usiipeleke kwenye mishkaki.

3. Mbona supamaketi ni ghali? Au bucha ndiyo rahisi kwa sababu ya mifupa?

Yote mawili yana ukweli. Supamaketi unalipia umeme, vifungashio, usafiri wa gari la baridi na mfanyakazi aliyekatia nyama mbali na wewe. Buchani unalipia nyama na mifupa yake.

Piga hesabu kabla ya kulinganisha. Tuseme mchanganyiko ni shilingi 10,000 kwa kilo na steki ni 12,000. Kama kwenye ile kilo ya mchanganyiko kuna gramu 300 za mifupa, nyama yenyewe umeinunua kwa kama 14,300 kwa kilo. Hapo steki ndiyo rahisi, ukiwa unataka nyama tupu. Lakini kama unapika supu au mchuzi wa kulisha watu wengi, mifupa nayo ni chakula, na mchanganyiko unakulipa. Anayelalamika kila siku kwamba "kanijazia mifupa" huwa hajawahi kusema anataka kupika nini.

4. Niseme nini nikifika buchani? Siyajui majina ya nyama.

Sema unachokwenda kupika, mkataji atajua. "Mjomba, nipimie kilo ya pilau, nusu iwe na mifupa" inatosha kabisa. Ukitaka kuchagua mwenyewe, haya ndiyo majina utakayoyasikia. Steki ni nyama tupu isiyo na mfupa, mara nyingi ya paja. Mchanganyiko ni nyama na mifupa kwa pamoja. Sarara ni ule mnofu laini wa ndani ya mgongo, mdogo sana kwa ng'ombe mzima, na wenye mahoteli huuwahi mapema. Kidari na shingo vina ladha kubwa lakini vinataka moto wa polepole. Nundu ina mafuta mengi, wengine huchanganya kwenye mishkaki ili isikauke. Makongoro, mkia na kichwa ni vya supu.

Supamaketi majina ni hayo hayo kwa lebo nzuri zaidi, na sehemu nyingine, kama nundu na makongoro, hutazikuta.

## Buchani

5. Niende saa ngapi?

Mapema. Ukifika kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi unachagua. Baada ya saa tano unachaguliwa. Mwongozo wa kawaida wa usalama wa chakula ni kwamba nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Bucha ya kawaida ya mtaani haiwezi kutimiza hilo, tuseme ukweli. Ndiyo maana nyama ya bucha hununuliwa asubuhi, hufikishwa nyumbani moja kwa moja, na hupikwa siku hiyo hiyo au huwekwa kwenye baridi mara moja.

Bucha yenye kabati la kioo lenye baridi inaweza kukuhudumia hadi jioni, ikiwa nyama imo ndani ya kabati. Zipo zenye kabati ambalo ndani yake kuna soda, na nyama iko kwenye ndoano.

6. Ule mhuri kwenye paja una maana gani?

Una maana kwamba mkaguzi wa nyama alimwona mnyama huyo machinjioni na kuiruhusu nyama iuzwe. Hugongwa kwa wino usiodhuru, juu ya nyama au mafuta, kwa kawaida kwenye paja, mkono na mgongo. Kabla ya kugonga, mkaguzi hupasua tezi, hukata misuli ya mashavu na moyo kutafuta vijifuko vya tegu, huangalia mapafu kwa ajili ya kifua kikuu, na hufungua mirija ya ini kutafuta minyoo.

Ukifika saa mbili asubuhi na mapaja yote hayana mhuri, uliza. Ukifika saa sita na kimebaki kipande cha mkono, usimlaumu mtu: sehemu yenye mhuri huenda ilishauzwa. Wakataji wanaojali huacha kipande chenye mhuri kiwe cha mwisho kukatwa, nasi wanunuzi tungekuwa na mazoea ya kukiulizia wengi wangefanya hivyo.

7. Nitajuaje kwa macho na mikono kwamba nyama ni nzuri?

Anza na pua. Nyama mbichi nzuri ina harufu hafifu ya damu, basi. Uchachu, harufu kama ya yai au utamu wa ajabu ni dalili mbaya, na ndimu au tangawizi haziondoi tatizo, zinaficha harufu tu.

Kisha bonyeza kwa kidole, au mwombe mkataji abonyeze. Inatakiwa irudi. Uso wake uwe na unyevu kidogo au umekauka juu, usiteleze wala kunata vidoleni. Rangi ya ng'ombe iwe nyekundu iliyokolea. Ya mbuzi hupauka kidogo zaidi. Weusi mwembamba wa juu kwenye kipande kilichopigwa na upepo ni ukavu tu, lakini kijani karibu na mfupa ni kuoza. Angalia pia damu: nyama yenye damu iliyoganda kwenye mishipa, na yenye wekundu mweusi kila mahali, huenda ni ya mnyama aliyekufa kabla ya kisu kumfikia. Kuhusu hilo, soma swali la 25.

8. Ni kweli nyama isiyo na nzi imepakwa dawa?

Si lazima. Bucha iliyoziba dirisha kwa wavu, yenye feni inayopuliza kaunta na inayofutwa kila mara itakuwa na nzi wachache bila dawa yoyote. Na nzi wengi si cheti cha usafi. Wanatoka kwenye mfereji na wanakuja na waliyoyakanyaga huko. Kinachotakiwa kukushtua ni harufu ya dawa ya wadudu kwenye chumba chenye nyama. Hapo ondoka.

9. Mizani ya bucha naiaminije?

Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo na uangalie mwaka wake, maana mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Kabla nyama haijawekwa, mizani isome sifuri, na uione ikisoma sifuri. Mkono wa mkataji usiwe umeegemea sahani. Gazeti na mfuko vipimwe kando.

Njia rahisi kuliko zote ni mizani ndogo ya jikoni nyumbani. Pima kimyakimya mara chache. Bucha ikipunja mara moja huenda ni haraka ya asubuhi; ikipunja kila mara, hama. Mtaa wa Ngamiani una barabara za kutosha, hutakosa bucha nyingine.

10. Gogo na shoka vina ubaya gani? Si ndivyo babu zetu walivyokata?

Gogo lina nyufa. Damu na vipande vidogo vya nyama huingia humo, maji na sabuni havifiki, na kesho nyama mpya inakatiwa juu ya mabaki ya jana. Shoka nalo huvunja mfupa badala ya kuukata, ndiyo maana unakutana na vijifupa kama sindano kwenye supu ya mtoto. Bodi ya Nyama Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, imekuwa ikiwataka wenye bucha waachane na magogo na kutumia msumeno wa umeme na meza zinazosafishika.

Msumeno ni ghali, na bucha ndogo nyingi bado hazijafika huko. Kama bucha yako ina gogo, angalia angalau likoje asubuhi kabla ya kazi: limekwanguliwa na kumwagiwa chumvi, au lina utando mweusi unaong'aa? Jibu hilo litakueleza mengi kuhusu mwenye bucha kuliko koti lake jeupe.

11. Nyama ya kusaga ninunue wapi? Ramadhani natengeneza sambusa kila siku.

Nunua steki, kisha isagwe mbele ya macho yako. Nyama nzima ina wadudu wa maradhi juu tu, moto ukifika hapo wanakufa. Ukiisaga, wale wa juu wanachanganywa hadi ndani, kwa hiyo nyama ya kusaga huharibika haraka na inatakiwa iive kabisa, nyuzi 71 au mpaka isibaki wekundu popote.

Omba mashine isafishwe kwanza. Ikiwa foleni ni ndefu na hilo haliwezekani, mwombe mkataji aweke kando konzi ya kwanza inayotoka, kwa sababu hiyo si nyama yako, ni ya mteja aliyekutangulia na imebaki kwenye mashine. Ile iliyokwisha kusagwa na kurundikwa kwenye sinia tangu asubuhi iache, hata ikiwa na bei nzuri. Kwa pakiti za supamaketi, soma swali la 14 na la 15.

12. Maini yana mashimo, nirudishe?

Ndiyo. Maini mazuri ni laini, yanang'aa, rangi moja. Mirija migumu iliyovimba inayokwaruza kisu ni kazi ya minyoo ya ini. Kwa kawaida mkaguzi hukata na kutupa ini la namna hiyo, na likikufikia ujue kuna hatua iliyorukwa. Minyoo hiyo haikuambukizi kwa kula ini lililopikwa, lakini hukununua ini ili ule mirija.

13. Nibebee nyama kwenye nini?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na gazeti lina wino. Beba bakuli lenye mfuniko au ndoo ndogo safi. Anayetoka Pongwe au Amboni kuja kununulia mjini atie na chupa ya maji yaliyoganda pembeni. Hiyo chupa ndiyo friji yako ndani ya daladala.

## Supamaketi

14. Nimefungua pakiti, nyama ni ya zambarau nyeusi. Imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. Wekundu wa nyama unatokana na hewa. Nyama iliyofungwa bila hewa hubaki na rangi ya zambarau, na ukiifungua ukaiacha kama nusu saa hurudi kuwa nyekundu. Harufu ya kwanza ya pakiti ya namna hiyo ni kali kidogo, kisha hupotea. Ikibaki baada ya dakika chache, au nyama inateleza, au pakiti ilikuwa imevimba kabla hujaifungua, irudishe.

15. Nitajuaje nyama ya kugandishwa iliyeyuka ikagandishwa tena?

Angalia barafu. Nyama iliyogandishwa mara moja huwa na vipande vilivyoachana na ukungu mwepesi wa barafu. Iliyoyeyuka huacha maji ya damu yaliyoganda chini ya pakiti, vipande vimeshikana kuwa bonge moja, na pakiti imekunjamana kufuata umbo la kilichokuwa chini yake. Mabaka meupe makavu ni ukavu wa friza: hayadhuru, ila yanaharibu ladha.

Toa pakiti ya chini kabisa kwenye friza na ya juu kabisa, ulinganishe. Friza iliyojazwa kupita mstari wake haipoozi za juu. Kuna wanaosema maduka mengine huzima friza usiku kupunguza bili. Hutahitaji kuwa mpelelezi, barafu itakwambia.

16. Kuku wa kugandishwa mbona akiyeyuka anapungua?

Ni maji. Kuku hupoozwa kwa maji baada ya kuchinjwa na hubaki nayo kiasi. Pima kabla na baada ya kuyeyusha, halafu linganisha bei yake halisi na ya kuku wa mtaani.

17. Nilisikia supamaketi huweka kemikali nyama ionekane mpya. Ni kweli?

Hofu hiyo ilivuma sana mwaka 2019, pale runinga moja ya Kenya ilipotangaza uchunguzi uliosema baadhi ya supamaketi za huko zilitia nyama salfaiti. Kemikali hiyo huirudishia nyama wekundu na kuficha uzee wake, na kwa wenye pumu inaweza kuleta shida ya kupumua. Habari ilivuka mpaka wa Horohoro siku hiyo hiyo, na tangu hapo watu wa Tanga huangalia nyama nyekundu ya kioo kwa jicho la pembeni.

Jambo la kushika ni hili: nyama iliyokatwa hubadilika rangi. Vipande vya juu huwa vyekundu, vya katikati ya rundo hupauka au kuwa kahawia kwa kukosa hewa. Rundo lililo jekundu la namna moja juu, kati na chini, na halibadiliki siku ya pili, halijitokei tu. Bucha yenye kabati la kioo nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

18. Nitajuaje ni halali?

Machinjioni kwetu wanaochinja kwa kawaida ni Waislamu, na mkataji wa mtaani unaweza kumuuliza uso kwa uso. Pakiti haiulizwi, kwa hiyo tafuta alama ya halali na jina la taasisi iliyoitoa. Kwenye soseji soma viungo vyote, kwa sababu ngozi ya soseji inaweza kutoka kwa mnyama mwingine kabisa. Angalia pia kama duka linauza nyama ya nguruwe kwenye friza hiyo hiyo au kwa kisu hicho hicho.

## Moja kwa moja kwa mfugaji

19. Nikinunua kwa mfugaji mwenyewe si ndiyo bora zaidi?

Kwa kuku, mara nyingi ndiyo. Unamwona akiwa hai, unamwona anavyotembea, na anachinjwa ukiwepo. Mbuzi pia, kwa masharti ya swali la 21. Ng'ombe ni habari nyingine: mnyama mkubwa asiyepita kwa mkaguzi ni bahati nasibu, kwa sababu yale yaliyotajwa swali la 6 huyaoni kwa nje.

Kuku wa kienyeji anahitaji jicho. Siku hizi chotara wengi huuzwa kwa jina na bei ya kienyeji. Chotara ni kuku mzuri, hukua haraka na ana nyama nyingi, lakini alipiwe bei yake. Mtazame miguu na kifua: wa kienyeji aliyekomaa ana miguu myembamba migumu, kucha zilizochakaa kwa kuparua, na mfupa wa kifua unausikia kwa kidole.

20. Niulize nini kuhusu dawa?

Uliza amepewa dawa lini mara ya mwisho. Kila dawa ya mifugo, hasa antibayotiki, ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla mnyama hajachinjwa. Mfugaji makini atakuonyesha chupa. Atakayekwambia "huyu hajawahi kupewa kitu" kuhusu kuku wa kisasa wa wiki sita, mtazame vizuri.

21. Nina shughuli, nataka mbuzi. Ninunue hai au nyama?

Kwa akika na Iddi unahitaji hai, na umri una sharti: mbuzi awe ametimiza mwaka, ng'ombe miaka miwili. Fungua mdomo. Mbuzi mwenye meno mawili makubwa ya mbele yaliyoota upya amepita mwaka. Mwenye meno madogo yote bado mtoto, hata awe mnene vipi.

Kwa harusi fanya hesabu. Mbuzi wetu hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito wake akiwa hai, mara nyingi pungufu ya hapo. Mbuzi wa kilo 25 atakupa kama kilo 11 au 12. Mwarifu ofisa mifugo wa kata mapema ili aje kukagua, na umlipe mchinjaji anayejua kazi, kwa sababu utumbo ukipasuliwa vibaya nyama nzima inachafuka. Msimu wa Iddi bei hupanda siku za mwisho, kwa hiyo mwenye uwanja hununua mapema na kumlisha mwenyewe.

## Nyumbani

22. Mbona nyama ya bucha ni ngumu, na ya hotelini ni laini?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu si moto mdogo wala mkaa mbaya.

Ng'ombe akishachinjwa misuli hubaki laini kwa saa chache, kisha hukakamaa. Kukakamaa huko huchukua takriban siku nzima kabla hakujaanza kulegea. Baada ya hapo vimeng'enya vya nyama yenyewe hukata nyuzi polepole, na kadiri siku zinavyopita kwenye baridi ndivyo inavyolainika. Hoteli nzuri hutumia nyama iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi wiki moja au zaidi. Wewe umenunua saa moja asubuhi na saa nne sufuria iko jikoni: umeipika ikiwa katikati ya kukakamaa. Tena ng'ombe wetu wa asili ametembea sana, na wengi huchinjwa wakiwa na umri.

Kosa kubwa zaidi ni kuitia nyama ya moto moto kwenye friza mara tu unapofika nyumbani. Huganda kabla haijamaliza kukakamaa, na siku ya kuiyeyusha hujikunja, humwaga maji mengi na kuwa ngumu kuliko mwanzo. Iweke kwenye friji ya kawaida, rafu ya chini, imefunikwa, siku moja hadi mbili. Halafu ipike au igandishe. Sharti ni nyama iwe ya asubuhi na friji iwe na baridi ya kweli; ya jioni usiisubirishe.

Papai bichi linafanya kazi, kwa sababu utomvu wake una kimeng'enya kinachokata nyuzi. Tangawizi mbichi pia. Kwa vipande vya mishkaki nusu saa mpaka saa moja inatosha. Ukiacha usiku kucha utaamka na uji. Kidari, shingo na makongoro havihitaji papai, vinahitaji moto mdogo na subira, na ukivifunika na tui la nazi mwishoni hakuna atakayekuuliza umetumia nyama gani.

23. Nyama inakaa muda gani kwenye friji na friza?

Kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini, vipande vya ng'ombe hukaa siku 3 hadi 5 kwa vitabu, lakini nyama ya bucha iliyokwisha kukaa na joto asubuhi ihesabu siku mbili. Ya kusaga, maini na kuku ni siku moja au mbili. Iliyopikwa ni siku 3 hadi 4. Kwenye friza hukaa miezi, mradi uifunge kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja na uyeyushe ndani ya friji, siyo juu ya meza.

24. Umeme umekatika. Na kuku nimwoshe?

Yanaulizwa pamoja kila mara, basi tuyajibu pamoja. Friza iliyojaa ikifungwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu hushika saa 24, na friji ya kawaida kama saa 4. Usifungue "kuangalia tu". Iliyobaki na barafu ndani inaweza kugandishwa tena. Iliyolegea na bado ina baridi ya friji ipike siku hiyo. Iliyopata joto itupe.

Kuku kumwosha chini ya bomba hurusha maji yake kwenye sinki, vyombo na kachumbari, na wadudu wa maradhi huuawa na moto, si maji. Ukishindwa kuacha mazoea, mwoshe kwenye beseni taratibu, mbali na vyakula vingine, kisha safisha beseni na mikono kwa sabuni.

## Mambo ya nadra

25. Ng'ombe wa jirani amekufa ghafla, nyama inauzwa rahisi. Nichukue?

Usichukue, na usiiguse. Hiyo ni kibudu. Kwa Mwislamu swali limekwisha hapo, na kwa kila mtu mwingine kuna kimeta. Mnyama aliyekufa ghafla, anayetoka damu isiyoganda puani na nyuma, asichunwe wala kupasuliwa: vijidudu vya kimeta hujenga ganda linalostahimili joto na kukaa ardhini miaka mingi. Kuchemsha kwa jikoni hakukuhakikishii usalama, na anayechuna huambukizwa kupitia ngozi. Mwite ofisa mifugo. Mvua kubwa zikileta Homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyotokea nchini 2006 na 2007, tahadhari hiyo hiyo inahusu kugusa damu na mimba zilizotoka.

26. Napenda steki isiyoiva sana. Ya bucha inafaa?

Kwa kuigandisha kwanza. Kijifuko cha tegu kinakaa ndani ya msuli, na ukaguzi unaweza kukikosa. Nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 hukiua. Bila hivyo, ivishe.

27. Kuna anayepitisha nyamapori majumbani, anasema ya Saadani.

Saadani ni hifadhi ya taifa. Tangu kanuni za 2020, nyamapori inaruhusiwa kuuzwa kwenye bucha zenye leseni maalumu, na huko utapata risiti. Anayekuja na kiroba usiku hana, na ukikamatwa na nyama hiyo kesi ni yako pia.

28. Kitimoto kinunuliwe vipi?

Mahali panapouza hiyo pekee na penye ukaguzi, na kiive kabisa, kwa sababu tegu wa nguruwe ni hatari zaidi kwa binadamu kuliko wa ng'ombe. Homa ya nguruwe ikitangazwa haikuambukizi wewe, lakini usisafirishe nyama kutoka eneo lililofungiwa.

29. Nimeuziwa nyama mbovu. Niende wapi?

Rudi dukani kwanza, siku hiyo hiyo, na nyama ikiwa kwenye baridi. Mwenye bucha anayejali soko lake atabadilisha bila maneno, hasa ukimwita pembeni badala ya kumpigia kelele mbele ya wateja. Ikishindikana, bucha na machinjio ni kwa ofisa afya au ofisa mifugo wa kata; mizani ni Wakala wa Vipimo; bidhaa ya pakiti ni TBS, yaani Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa la TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Peleka risiti, pakiti yenye namba ya toleo, na picha iliyopigwa kabla hujaosha nyama.